Ukurasa wa kwanza wa dodoso: namna ya kuandika taarifa za washiriki katika utafiti wa ugonjwa wa moyo na ubora wa maisha, Mtwara na Lindi

Ukipewa dodoso la ugonjwa wa moyo na ubora wa maisha uende nalo Newala, Nachingwea au Kilwa, ukurasa wa kwanza utakuvuta uupite mbio. Umri, jinsi, ndoa, elimu, kazi, kipato, anaishi wapi: unaweka vema, vema, vema, kisha unakimbilia maswali ya kukosa pumzi na kuvimba miguu, maana hayo ndiyo unayoyaona kuwa utafiti wenyewe. Nimehoji wagonjwa katika mikoa hii miwili kwa miaka kadhaa, na kazi nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia kwenye ukurasa huo. Mgonjwa anasema maisha yake ni mabaya, tunaandika alama, halafu hatujui kama ni moyo unaomsumbua au ni mwezi wa Machi, ambao ndani ya nyumba hakuna shilingi.

Nawaandikia wanafunzi wa uuguzi na utabibu, na vijana wanaochukuliwa kwa wiki mbili tatu kukusanya takwimu.

Hatua ya 1: Anza na dodoso la ubora wa maisha, ukurasa wa kwanza ufuate

Watu wengi huchukua ukurasa wa taarifa za washiriki kutoka utafiti wa mtu mwingine na kuubandika mbele. Fanya kinyume. Soma kwanza dodoso litakalopima ubora wa maisha. WHOQOL-BREF la Shirika la Afya Duniani lina maswali 26 na linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Dodoso la Minnesota, la wagonjwa ambao moyo umeshindwa kufanya kazi sawasawa, lina maswali 21. Kila swali lina alama 0 hadi 5, na anayefika 105 ndiye aliye katika hali mbaya kuliko wote. Lenyewe linauliza mwezi mmoja uliopita. SF-36, dodoso la afya kwa jumla lenye maswali 36, ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa hapa Tanzania tangu miaka ya 1990.

Sasa chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika kila swali la ukurasa wa kwanza, kulia andika swali la ubora wa maisha ambalo jibu lake litakusaidia kulielewa. Kipato kitakaa mkabala na swali la 12 la WHOQOL-BREF, linalouliza kama mtu ana pesa za kutosha mahitaji yake. Hali ya ndoa itakaa na swali la 20 na la 21, la mahusiano na la tendo la ndoa. Umbali na nauli vitakaa na swali la 24 na la 25, la kuridhika na huduma za afya na usafiri. Kazi itakaa na lile la Minnesota linalouliza kama moyo umemzuia mtu kujitafutia riziki.

Swali litakalobaki kushoto peke yake, lifute. Kabila huwa linabaki peke yake mara nyingi. Sensa zetu hazijauliza kabila wala dini tangu ile ya 1967, na watu wamezoea hivyo; ukimuuliza mzee kabila lake kliniki, atataka kujua kwa nini, na ana haki. Ukitaka kujua kama alielewa maswali, uliza lugha anayoitumia nyumbani: Kimakonde, Kimwera, Kimakua, Kiyao, Kiswahili. Andika pia mahojiano yalifanyika kwa lugha gani. Dini ninaiacha isipokuwa kwa sababu moja: mfungo wa Ramadhani hubadilisha saa za kumeza dawa, hasa vidonge vya kutoa maji mwilini, na mgonjwa aliyehojiwa kwenye mfungo si sawa na aliyehojiwa baada ya Idi. Ila hapo swali liwe “Wiki mbili hizi umekuwa unafunga?”

Hatua ya 2: Vibali na siri

Kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya chuo chako, barua ya mkoa, barua ya mkurugenzi wa halmashauri, kisha mganga mkuu wa wilaya. Ukienda majumbani, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wajue kabla hujafika. Kwa asiyejua kusoma, ridhaa isomwe mbele ya shahidi na aweke dole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo majina yakae kwenye daftari moja lenye kufuli, namba za washiriki zikae kwenye dodoso, na viwili hivyo visisafiri katika mkoba mmoja.

Usidai kitambulisho. Nanyumbu, Tandahimba na Mtwara Vijijini wako watu ambao nusu ya ukoo iko ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji. Swali la uraia linaweza kumwondoa mgonjwa kliniki asirudi tena, na dawa zake zikakatika kwa sababu yako.

Hatua ya 3: Umri

Hapa usikubali namba ya kwanza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu.”

“Bibi, una miaka mingapi?”

“Andika sitini.”

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nikamuuliza kama kile kimbunga kilichopiga Lindi kilimkuta. Akacheka. Mama yake alikuwa akimhadithia walivyokimbia naye akiwa mgongoni. Kimbunga kile kilikuwa cha Aprili 1952. Bibi wa “sitini” alikuwa amepita sabini.

Tengeneza orodha ya matukio ya mahali unapokwenda na utembee nayo mfukoni. Kwa upande wetu mimi huwa na haya: mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, reli yake kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Uhuru, 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha, 1967, Uhuru wa Msumbiji, 25 Juni 1975, Vita vya Kagera, 1978 na 1979, kifo cha Mwalimu, 14 Oktoba 1999. Kuhamia vijiji vya ujamaa nako ni kumbukumbu nzuri, ila uliza kwanza wazee wa kijiji hicho walihama mwaka gani, maana hawakuhama wote kwa siku moja. Kisha uliza: ulikuwa umeshachezwa unyago? Ulikuwa na mtoto? Wa ngapi? Jando na unyago vinasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila mtu anawakumbuka aliochezwa nao. Mmoja wao akiwa na cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa, umepata umri wa kundi zima kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Tarehe ya kwenye kitambulisho nayo isikupumbaze. Kwa wazee wengi ilikisiwa siku ya kujiandikisha.

Andika mwaka wa kuzaliwa, halafu weka kisanduku kidogo pembeni: *unajulikana* au *umekadiriwa*. Siku ya kuchambua, angalia ni wangapi wameishia na sifuri au tano. Wakiwa wamejazana kwenye 50, 60 na 70, ujue wasaili wako hawakuuliza, waliandika tu walichoambiwa.

Makundi ya umri usiyaige kutoka vitabu vya Ulaya, ambako wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi kwa kawaida ni wa miaka sabini na zaidi. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012 ukiwa na wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa miaka 52, na wanawake walikuwa karibu nusu. Ukigawa “chini ya 65” na “65 na zaidi” utawaweka kwenye kisanduku kimoja kijana wa miaka 19 mwenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mama wa miaka 28 ambaye moyo wake ulitanuka baada ya kujifungua, na baba wa miaka 60 mwenye presha ya miaka mingi. Maisha yao hayafanani hata kidogo. Kwa wanawake ongeza swali moja: mtoto wako wa mwisho ana umri gani, na ulianza kuumwa kabla au baada yake? Ugonjwa wa moyo wa uzazi hujitokeza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na swali hilo dogo litakuonyesha wa kumtazama faili lake kwa makini.

Hatua ya 4: Kazi na pesa

Hili ndilo eneo ninalotaka ulisome mara mbili.

Mwaka nilioanza kazi hii tulipewa fomu yenye visanduku vitatu: ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi. Tukakaa kwenye kibaraza cha kliniki moja, na mama mmoja, mikono imepasuka na nyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, akaniambia, “Sina kazi, mwanangu. Nalima tu.” Nikaweka vema kwenye *hana kazi*. Aliyefuata akasema vivyo hivyo. Jioni tulipohesabu tukawa na kliniki nzima ya watu wasio na kazi, katika wilaya inayoishi kwa jembe. Fomu zile zilipelekwa hivyohivyo. Bado naiona ile mikono.

Kwa watu wetu neno *kazi* ni ya ofisini, yenye mshahara. Kwa hiyo usiulize “una kazi gani”. Uliza “Riziki yako unaipataje?” na uwe na orodha inayofanana na maisha ya hapa: analima shamba lake, anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu, anabangua korosho, anavua, anauza samaki, mama lishe, bodaboda, anasuka ukili na mikeka, ameajiriwa, amestaafu, analishwa na watoto. Kisha gawa swali mara mbili: *kabla hujaanza kuumwa* na *sasa*. Mvuvi aliyekuwa akivuta nyavu na sasa anakaa ufukoni akitengeneza nyavu za wenzake amepoteza kitu ambacho kisanduku kimoja hakitakionyesha kamwe. Na weka jibu la “ameacha kwa sababu ya moyo” peke yake. Usilichanganye na kustaafu.

Kipato cha mwezi hapa hakina maana. Pesa ya korosho huja kwa msimu: mavuno kuanzia karibu Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka, korosho zinakwenda chama cha msingi, zinapigwa mnada, malipo yanaingia. Ufuta wa Lindi huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi hufuata. Katikati kuna miezi ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, kulipa wapaliliaji na kula akiba. Mtu yule yule ukimhoji Desemba na ukimhoji Machi atakupa majibu mawili, yote ya kweli. Na kumbuka WHOQOL-BREF inauliza wiki mbili tu. Ndiyo maana tarehe ya mahojiano ni taarifa ya mshiriki kama umri wake. Iandike, na kwenye uchambuzi gawanya waliohojiwa wakati wa mauzo na waliohojiwa wakati wa njaa.

Uliza hivi: “Msimu uliopita ulipeleka kilo ngapi?” Wakulima wanajua kilo zao, wana stakabadhi. Bei za minada zinatangazwa, utazidisha mwenyewe. Uliza mikorosho ni ya nani, maana ukanda huu koo nyingi hufuata upande wa mama, na mwanamke anaweza kuwa na mikorosho yake ambayo mume haigusi, au asiwe na hata mti mmoja. Halafu ongeza vitu vya kuonekana: bati au makuti, sakafu ya saruji au udongo, sola, pikipiki, simu ya nani. Mwisho: anatibiwa kwa njia gani? Bima ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), msamaha wa wazee, au mfukoni? Kwa mgonjwa anayemeza dawa kila siku hadi mwisho wa maisha yake, jibu hilo lina uzito kuliko kipato.

Hatua ya 5: Ndoa na nani yuko nyumbani

“Umeolewa?” ni swali baya. Ataitikia ndiyo, kumbe mume yuko Dar es Salaam tangu mwaka juzi, au ni mke wa pili na zamu yake ni siku mbili kwa wiki, au wameachana lakini hajapewa talaka. Uliza “Usiku ukibanwa na pumzi, nani anaamka?” Jibu andika kama lilivyo: mume, binti, mjukuu wa miaka tisa, hakuna. Nimekuta majibu haya yakieleza alama za ubora wa maisha vizuri kuliko visanduku vya ndoa, ndiyo maana siku hizi siachi kuuliza. Visanduku vya kawaida vibaki kwa ajili ya kulinganisha na tafiti nyingine, ila kuachika na kufiwa visiwekwe pamoja.

Kwa swali la 21, la tendo la ndoa, msaili wa kike awahoji wanawake na wa kiume wanaume. Kijana wa miaka 22 hamuulizi bibi jambo hilo akategemea jibu.

Hatua ya 6: Elimu

Fupi. Usiandike “hajasoma” kwa mtu aliyesoma madrasa miaka sita na anasoma msahafu bila kukwama, au aliyepita ngumbaru miaka ya 1970 na anaandika barua zake mwenyewe. Weka mstari wa madrasa, wa elimu ya watu wazima, na kwa wazee “darasa la nne” na “darasa la nane” la zamani. Kisha mpe kijisanduku cha dawa asome. Ndicho unachotaka kujua.

Hatua ya 7: Anakoishi

“Mjini” na “kijijini” havitoshi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, maji ni shida ya miaka mingi, na kuna watu ambao kuteka ndoo ni kushuka mteremko na kuupanda tena. Mgonjwa wa moyo wa hapo na mgonjwa wa Mikindani mwenye bomba uani hawawezi kupewa swali moja la “kupanda ngazi” bila maelezo. Dodoso la Minnesota linauliza kutembea na kupanda ngazi. Vijijini ghorofa hakuna, basi wasaili wote wakubaliane kabla kilima gani kinasimama badala ya ngazi. Kwenye ukurasa wa kwanza weka: maji unayapata wapi, nani anayateka, kuna mlima?

Umbali uulize kwa nauli na kwa saa, kilomita waachie ramani. Liwale hadi hospitali ya mkoa wakati wa kiangazi ni safari moja, wakati wa masika ni nyingine. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa, na kwa mgonjwa mwenye rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hiyo ilikuwa njia yake ya matibabu.

Hatua ya 8: Ugonjwa uandike kutoka kwenye faili

Moyo wa Kiswahili una mambo mengi. “Moyo unaniuma” anaweza kusema aliyefiwa. “Nina presha ya kushuka” anaweza kusema mwenye presha ya 170. Aina ya ugonjwa, mwaka wa kugunduliwa, kipimo cha mwisho cha moyo na daraja la dalili, la 1 hadi la 4, vitoke kwenye faili au kwa daktari. Maneno ya mgonjwa yaandike pembeni kama alivyoyasema, utayahitaji kueleza matokeo.

Andika pia nani alijibu. Mara nyingi binti ndiye anayejibu na mama ananyamaza. Mwombe binti kwa heshima akaangalie foleni ya dawa. Ikishindikana, weka alama kwamba majibu yalitolewa na msindikizaji, maana wasindikizaji na wagonjwa hawaoni ugonjwa kwa jicho moja.

Hatua ya 9: Jedwali la kwanza

Umri na kipato toa kwa namba ya katikati (median) na mtawanyiko wake. Wakulima wawili wakubwa wataharibu wastani wa kliniki nzima. Kila asilimia iwe na idadi yake kando. Walioacha swali bila jibu wawe na mstari wao, usiwagawe kimyakimya. Andika wangapi walialikwa, wangapi walikataa, na wangapi walikuwa hoi kiasi cha kutoweza kuhojiwa, kwa sababu hao wa mwisho ndio wenye maisha magumu kuliko wote na jedwali lako halina sauti yao. Kisanduku chenye mtu mmoja au wawili kiunganishe na kingine: “mwalimu, mwanamke, miaka 34, moyo wa uzazi” katika wilaya ndogo ni sawa na kumtaja jina.

Kabla hujaanza kulinganisha chochote, chapisha jedwali hilo uwapelekee wauguzi wa kliniki ulikohoji. Wanawajua wagonjwa wao. Tulipofanya hivyo kwenye kliniki moja ya pwani, muuguzi wa zamu alilipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye kazi, akauliza, “Wavuvi wako wapi?” Hatukuwa na hata mmoja. Tulikuwa tukihoji asubuhi, saa mbili hadi saa tano, wakati mashua zinaingia na samaki wanapigwa mnada. Wavuvi walikuwa wanafika saa nane kuchukua dawa, sisi tumeshaondoka. Tukabadilisha zamu, tukarudi wiki mbili mfululizo mchana, tukawakuta.